Niliiwekea Kompyuta Yangu Mfumo Ulioikataa, Sasa Naogopa Kuizima

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu za mtu mwenye haraka. Nakuomba msaada, na nakuomba jibu lije kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi umeme unakatwa mtaani kwetu kutwa nzima, wametangaza wenyewe kwamba wanabadilisha nguzo, na mimi nina kompyuta ambayo haijazimwa tangu mwezi uliopita na sijui ikizimika kama itaamka.

Nianzie mwanzo usije ukaniona nimechanganyikiwa. Mimi ni fundi wa kudarizi. Zile nembo kwenye mifuko ya mashati ya wanafunzi, majina ya hoteli pembeni mwa taulo, maandishi kwenye makoti ya wauguzi, hizo ndizo kazi zangu. Nilianza na sindano ya mkono, nikaja na cherehani ya miguu, na sasa nina mashine ya sindano sita inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta, na hakuna aliyenifundisha, si chuo wala semina, nilijifunza kwa kuharibu vitambaa vyangu mwenyewe. Nembo moja ya shule, ile ndogo ya mfukoni tu, ina mishono elfu tisa na kitu, na kila mshono ni mimi niliyeuonyesha pa kupita. Nembo za namna hiyo ninazo mia mbili na kumi na nne, na zote zimo ndani ya kompyuta hiyohiyo moja. Shule zikifungua muhula, sare zote zinapita kwangu.

Sasa kompyuta yenyewe ina miaka kumi na mmoja. Nimeibadilisha diski, nimeiongezea kumbukumbu kutoka gigabaiti nne hadi nane, naifungua na kuipiga vumbi kwa brashi ya rangi, na haijawahi kuniangusha hata siku moja, tofauti na watu ninaowajua. Lakini mfumo endeshi wake ulizeeka, programu yangu ya kudarizi ikaanza kunitolea tangazo kila asubuhi kwamba toleo lijalo halitafanya kazi kwenye mfumo wa zamani, na wateja wakawa wananitumia michoro isiyofunguka. Nikasema haya, niweke mfumo mpya. Nikaingia kule wanakokagua kompyuta kama inafaa, ikanijibu kwa herufi nyekundu: kompyuta hii haikidhi masharti. Masharti gani? Kasi inayo, nafasi inayo, kumbukumbu inayo mara mbili ya wanayoitaka wao wenyewe. Kumbe kosa lake ni kwamba prosesa yake ilizaliwa mapema na ndani hamna kijichipu kimoja cha usalama. Yaani mtu anaiweza kazi, anaifanya kila siku, halafu anaambiwa hawezi kuajiriwa kwa sababu ya mwaka wake wa kuzaliwa na cheti asichokuwa nacho. Hilo, mshauri, nimeambiwa na mimi maishani zaidi ya mara moja, kwa hiyo liliniuma kama nimeambiwa upya.

Nina shemeji, mdogo wake mume wangu, anayefanya kazi kwenye kitengo cha kompyuta cha ofisi moja kubwa. Nikamuuliza tukiwa mezani, tunakula.

Akacheka. "Shemeji, hiyo weka juu yake chungu cha maua."

Nikamwambia nimesoma kwamba kuna njia ya kuuingiza mfumo mpya bila kupitia ule ukaguzi.

"Njia za panya hizo. Ukiiharibu usinipigie simu."

"Nimewahi kukupigia?"

"Basi usianze."

Mama mkwe akasema kuleni, chakula kinapoa, mambo yakaishia hapo, lakini kwangu hayakuisha. Jumapili moja asubuhi watu wote wametoka, nikachukua flashi yangu kubwa kuliko zote, ileile niliyokuwa nimewekea nakala za nembo, nikaifuta maana nyingine hazikutosha na nembo zenyewe si zimo kwenye kompyuta, nikapakia humo mfumo mpya pamoja na kile kiprogramu kinachouruka ukaguzi, nikasoma maelekezo mara tatu, nikachagua pale pasemapo nibakishiwe mafaili yangu yote, nikabonyeza. Ilijizima na kujiwasha yenyewe mara tatu, na kila ilipojizima kioo kilikuwa cheusi tii, nikawa naona uso wangu tu mle ndani, na sikuupenda. Halafu ikafunguka. Nembo zote zimo. Programu imefunguka, lile tangazo la kila asubuhi halipo, mashine ya kudarizi imeitika, nikadarizi ua moja la majaribio kwenye kipande cha kitambaa na halikukosea hata uzi. Nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu mpaka mama mkwe, aliyekuwa ametangulia kurudi, akaja kuchungulia.

"Kuna nini?"

"Imekubali, mama!"

"Nani amekubali?"

"Kompyuta."

"Aa. Nilidhani ni mwanangu amekubali kuja kutengeneza bomba."

Mshauri, sijawahi kupata furaha kama ile tangu nilipolipia mashine yangu. Ningeishia hapo nisingekuandikia. Lakini shemeji akaja jioni. Akakaa mbele yake, akabonyeza hapa, akafungua pale, akatafuta kosa, hakulipata. Halafu akasema, "Sawa, imewaka. Ila nikuambie ukweli, shemeji, mifumo ya kulazimisha namna hii ina tabia moja. Siku ukiizima, haiamki." Akachukua ufunguo wa pikipiki yake akaenda zake.

Tangu siku hiyo sijaizima. Usiniulize kwa nini sikujaribu palepale, maana ningejaribu na kukuta ni kweli ningefanyaje? Nimeikataza isisinzie, nimeahirisha masasisho yake yote ili isije ikajiwasha upya bila ruhusa yangu, nimeiwekea betri ya akiba kwa ajili ya umeme unaopepesa. Nyumba yetu ukiwasha kompyuta, mashine na pasi kwa pamoja swichi kuu inaruka, kwa hiyo nimepiga marufuku pasi. Birika la umeme pia. Mume wangu ni mwalimu, anakwenda kazini na mashati kama karatasi iliyotolewa kwenye pipa, na wanafunzi sasa wanamwita Mwalimu Kunjo. Feni ya nyumba ni moja, ilikuwa chumbani kwa mama mkwe, nikaihamisha iipepee kompyuta isipate joto, na mama mkwe hasemi neno, anapita tu akijipepea na mfuniko wa sufuria ili nimwone. Juzi mume wangu akaniambia, "Mke wangu, chagua: mimi au hiyo." Nikamuuliza anahitaji jibu kufikia lini. Nilikuwa natania, lakini hakucheka.

Na sasa hii Jumamosi. Betri inashika kama robo saa tu. Jirani yangu mchomelea vyuma ana jenereta na yuko tayari kunikodisha, ingawa ameniuliza mbele za watu kama hii ni kompyuta au ni mgonjwa wa wodini. Nimeshapiga hesabu ya petroli na ya urefu wa waya kupita dirishani. Lakini nimechoka, mshauri. Kitu kimefanikiwa, nimekifanya kwa mikono yangu, na sikifaidi. Nikodi jenereta, au niache umeme ukatike, liwalo na liwe? Na ikikataa kuamka, muhula unafunguliwa, nembo sina, na shemeji atakaa mezani kwangu aseme alisema. Nijibu.

Fundi Nembo

JIBU

Fundi Nembo, barua yako ilinifikia Jumatano na safu hii hutoka Jumatatu, kwa hiyo nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Wasomaji nao wasikie tuliyozungumza, maana najua kuna wengine wenye kompyuta zinazopepewa.

Kwanza hongera, na sikupi hongera ya kukufariji. Uliambiwa haiwezekani na herufi nyekundu, ukaambiwa na mtu wa ofisini, ukasoma maelekezo mara tatu ukaiweza. Wengi husoma mara moja na kulia mara tatu.

Pili, kaa chini uisome barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba wakati wa kuingiza mfumo kompyuta ilijizima na kujiwasha mara tatu. Ni nani aliyeiamsha? Si shemeji yako, hakuwepo. Nilipokuuliza hivyo kwenye simu ukasema, "Lakini ile ilikuwa inajiwasha yenyewe." Ndiyo, mama, na ndiyo habari njema! Siwezi kukuahidi kwamba haitagoma kamwe. Kompyuta yoyote inaweza kugoma, hata ile iliyotoka dukani leo ikiwa bado ina nailoni. Nakuambia tu kwamba uliogopa kitu ambacho kilishatokea mbele ya macho yako na kikapita salama.

Sasa nikukaripie, maana umenitafuta. Nilipofika pale ulipoifuta flashi yenye nakala za nembo zako, niliiweka barua chini nikatafuta maji ya kunywa. Unaliandika hilo katikati ya sentensi, kama mtu anayesema nilifunga dirisha! Fundi mzima, kazi ya miaka kumi na mmoja, mahali pamoja, ndani ya boksi moja, na chombo cha pili umekigeuza kwa mkono wako kuwa ngazi ya kupandia. Halafu mwezi mzima unalinda swichi. Unamnyang'anya mama wa watu feni, unamtoa mwalimu kwenda darasani kama kitambaa cha kudekia, na muda wote huo nembo hujazinakili hata moja, ingawa kompyuta ilikuwa inawaka mbele yako na haikukukataza! Hukuwa unamlinda mgonjwa. Ulikuwa umekaa mlangoni na funguo za nyumba umeziacha ndani.

Nilikuagiza hivi. Jenereta hapana, mwache jirani yako achomelee madirisha. Tafuta diski ya nje leo hii, na flashi nyingine mpya. Nakili nembo zote kwenye diski, nakili zote kwenye flashi, kisha peleka kimoja kwenye kompyuta nyingine ufungue nembo kadhaa uone kama kweli zinafunguka, maana nakala isiyofunguliwa ni matumaini tu. Flashi ilale nje ya nyumba yako. Hayo yakishakamilika, izime mwenyewe Ijumaa mchana kweupe, kwa utaratibu, kwa kidole chako. Usingoje watu wa nguzo waje wakuzimie.

Ukauliza diski utaipata wapi kabla ya Ijumaa. Nikasema unaye shemeji anayefanya kazi kwenye kompyuta, muombe.

"Afadhali nidarizi zote upya," ukanijibu.

"Mishono elfu tisa mara mia mbili na kumi na nne ni ngapi?"

Haikukuchukua muda. "Milioni moja na laki tisa," ukasema, "na ushee."

"Basi mpigie shemeji."

Ulikata simu bila kuniaga, na sikukasirika.

Ijumaa jioni ndipo ukanipigia wewe, na nilikusikia nyuma yako watu wanazungumza wote kwa pamoja. Shemeji yako alikuja na diski, hakusema lolote la chungu cha maua wala la njia za panya. Mlinakili. Mkafungua nembo kumi kwenye kompyuta yake ya mkononi, moja baada ya nyingine, zikafunguka, na akakuuliza ile ya shule yenye ndege ulifanyaje mabawa yasivute kitambaa. Ukamweleza. Halafu ukaizima. Umesema chumba kilinyamaza hata mama mkwe akauliza kutoka jikoni, "Mbona kimya hivyo? Kuna aliyefariki?" Ukahesabu hadi sitini, ukabonyeza, na ikaamka. Imeamka, umesema, haraka kuliko ilivyokuwa inaamka na mfumo wa zamani.

Ukamgeukia shemeji yako. "Ulisema haiamki."

"Nilisema."

"Uliijua wapi hiyo tabia?"

Akakuna kichwa. "Nilikuwa nimeudhika tu, shemeji. Kule kazini nilishaandika ripoti kwamba kompyuta za umri huu haziwezi. Tumezitoa zote kwenda stoo."

Ukaniuliza mimi umfanyeje. Usimfanye kitu. Amekukosea, na amesema kwa mdomo wake, mbele ya kaka yake na mama yake, jambo ambalo wanaume wengi wangekufa nalo. Lakini nawe sikiliza. Ulipomuuliza pale mezani hukuwa unaomba msaada, ulikuwa unatafuta mashindano, naye akakupa. Mtu akishasema "usinipigie simu" nawe ukajibu "nimewahi kukupigia?", hapo hakuna tena atakayemwambia mwenzake kwamba flashi ile isifutwe. Angekuambia, unajua? Ni jambo la kwanza ambalo angekuambia. Kujifundisha mwenyewe ni sifa, dada yangu, ila si lazima kila kitu ukijue kwa kuharibu kitambaa.

Jumamosi umeme ulikatwa kama walivyotangaza. Sikukupigia, na wewe hukunipigia. Jumapili nilipokuuliza siku ilikwendaje, ulisema hukumbuki vizuri, ulilala baada ya chakula cha mchana ukaamka umeme umesharudi.

Sasa ya kushika kuanzia leo. Ruhusu masasisho, umeyafungia mwezi mzima na ndiyo yanayokulinda. Kompyuta hiyo imeingia kwa dirisha, kwa hiyo waliotengeneza mfumo hawajakuahidi kitu: siku wakiamua masasisho yasiifikie, hawatakuomba radhi. Mambo ya benki na maneno yako ya siri yafanyie mahali pengine, hiyo iachie kudarizi. Kila ukimaliza nembo mpya, inakiliwe kabla hujamwita mteja, si baada. Na anza kutafuta kompyuta nyingine taratibu, bila hofu na bila haraka, ili siku kompyuta hii ikichoka iwe imestaafu, isiwe imekufa kazini. Feni irudi ilikotoka leo hii, uipeleke mwenyewe, na usimtume mtu.

Na jioni ukifunga kazi, izime. Usikae kuiangalia kioo kikiwa cheusi, usihesabu hadi sitini. Izime kwa sababu kazi imekwisha, uende ukale na wenzako.